Ghala, Leseni na Risasi: Mkataba Mkuu wa Brussels wa 1890 na Historia ya Udhibiti wa Teknolojia Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890 ulivyodhibiti biashara ya bunduki za kisasa katika Afrika ya kitropiki, na jinsi udhibiti huo ulivyobadili siasa za Buganda na Bunyoro. Hoja kuu ni kwamba mkataba huo haukuondoa bunduki katika eneo la Ziwa Viktoria. Uliondoa mamlaka ya kuamua nani azipate, ukayaweka mikononi mwa waliotambuliwa kuwa dola. Makala yanalinganisha historia hiyo na udhibiti wa sasa wa Marekani juu ya teknolojia zinazoibukia na teknolojia za msingi, hasa vitengo vya kuchakata data vya akili unde. Yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa washauri wa sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mwezi Agosti 2018 Marekani ilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Udhibiti wa Mauzo ya Nje. Kifungu cha 1758 cha sheria hiyo kinaitaka serikali yake itambue teknolojia zinazoibukia na teknolojia za msingi ambazo ni muhimu kwa usalama wa taifa, kisha iziwekee masharti zinapouzwa nje. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ilitangaza makundi 14 ya teknolojia yaliyokuwa yakifikiriwa, yakiwamo bayoteknolojia na akili unde. Agosti 2020 iliomba maoni kuhusu teknolojia za msingi. Mwaka 2022 iliacha kuzitofautisha aina hizo mbili, kwa kuwa mpaka kati ya kilichoibuka jana na kilichokwisha kuwa msingi ulikuwa mgumu kuuchora. Tarehe 7 Oktoba 2022 yalikuja masharti makali juu ya vitengo vya kuchakata data vilivyoendelea zaidi, yakiilenga China.

Katika mijadala ya sera Afrika Mashariki masuala haya huchukuliwa kuwa ugomvi wa mataifa makubwa. Makala haya yana mtazamo tofauti. Zaidi ya miaka 130 iliyopita eneo letu lilikuwa ndilo lengo hasa la udhibiti wa aina hii, na kilima cha Kampala kilikuwa miongoni mwa mahali ulipojaribiwa. Historia hiyo imeandikwa kwa kawaida kama historia ya dini na ukoloni. Hapa inasomwa kama historia ya leseni.

2. Bunduki Buganda kabla ya Mkataba

Bunduki ziliingia Buganda kupitia njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kisha Karagwe. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suuna mwaka 1844. Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, bunduki zilikuwa miongoni mwa zawadi alizompa. Kutoka kaskazini, upanuzi wa Misri chini ya Khedivu Ismail ulimfikisha Samuel Baker Masindi mwaka 1872 akiwa na askari wenye silaha za kisasa. Mutesa alijua kwamba mtawala asiye na bunduki alikuwa mateka wa jirani aliye nazo. Haja hiyo ilikuwa sehemu ya hesabu zake alipowapokea wamisionari wa Kiingereza mwaka 1877 na wa Kifaransa mwaka 1879.

Ni lazima kutofautisha aina za bunduki, kwa sababu sheria iliyofuata ilisimama juu ya tofauti hiyo. Bunduki za gumegume na magobori ya fataki yalishindiliwa baruti na risasi kwa mbele. Yalikuwa mazito, yalikawia, na hayakulenga mbali. Hata hivyo, yaliweza kupigwa kwa baruti ya kawaida ya biashara na vipande vya chuma vilivyofuliwa na mhunzi wa kijijini. Bunduki mpya za kujazwa kwa nyuma, zenye mifereji ndani ya mtutu, zilipiga mbali na kwa haraka. Lakini zilihitaji risasi zenye ganda la shaba kutoka kiwandani. Mafundi wa Buganda na Bunyoro walijifunza kurekebisha bunduki, lakini hawakuwa na kiwanda cha kutengeneza risasi hizo kwa wingi. Kwa hiyo kadiri silaha ilivyokuwa bora, ndivyo ilivyomfunga mwenyewe kwa aliyeitengeneza.

Miaka ya 1880 bei ya bunduki ilishuka Zanzibar. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha kila baada ya miaka michache, na zile za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Hesabu ya namna hii ni ya kukisia, lakini inaonyesha ukubwa wa hofu iliyokuwapo.

Buganda kwenyewe matokeo yalikuwa ya haraka. Kabaka Mwanga aliunda vikosi vipya vya vijana wa kasri wenye bunduki, wengi wa viongozi wao wakiwa wasomaji wa Kikristo na Waislamu. Septemba 1888 vikosi hivyohivyo vilimpindua. Ili kurudi kitini alihitaji bunduki nyingine na chombo cha kuvukia ziwa, na aliyempatia msaada huo alikuwa Charles Stokes, Mwairlandi aliyewahi kuitumikia misheni ya Kiprotestanti kabla ya kuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na silaha.

3. Mkataba na mantiki yake

Mkutano wa Brussels ulifunguliwa Novemba 1889, na Mkataba Mkuu ukatiwa saini tarehe 2 Julai 1890 na dola 17. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na lengo hilo halikuwa la uongo. Bunduki zilitumika kukamata watu, na katika maeneo mengi ya bara kijiji kisicho na silaha kilikuwa windo. Tayari kuanzia Desemba 1888 manowari za Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeuzingira mwambao kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie, wakati Wajerumani wakipambana na upinzani wa Bushiri bin Salim. Tangu mwanzo, basi, huruma na mkakati vilisafiri katika jahazi moja.

Kifungu cha 8 kilipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa zile zilizoboreshwa, pamoja na baruti na risasi zake, katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi pamoja na visiwa vilivyo karibu na pwani. Kifungu cha 9 kilieleza njia za kuruhusu. Silaha zilizoingizwa ziliwekwa katika ghala la serikali. Zilitolewa kwa majeshi ya dola yenyewe, au kwa mtu mwenye leseni aliyetoa dhamana kuwa hatampa mwingine. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa kwa masharti mepesi zaidi.

Mambo matatu katika muundo huu yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, kizuizi kilipimwa kwa ubora. Teknolojia iliyopitwa na wakati iliachwa ipite. Iliyozuiwa ni ile ambayo ingempa mtumiaji uwezo uliokaribia wa askari wa Ulaya. Pili, msamaha ulitolewa kwa dola, na neno dola lilimaanisha waliokuwa mezani au waliokubaliwa kujiunga. Menelik wa Ethiopia alikubaliwa, akaendelea kupata silaha kwa njia halali na nyingine zilizopitia pwani ya Wafaransa, na Machi 1896 akawashinda Waitalia Adwa. Buganda na Bunyoro hazikualikwa. Tatu, kifungu cha 10 kilishughulikia nchi zisizo na bahari: silaha zingepitishwa pwani kuelekea bara ikiwa eneo hilo la bara lilikuwa chini ya mamlaka au ulinzi wa dola iliyotia saini. Kwa Kabaka, maana yake ilikuwa kwamba njia ya kwenda baharini ingefunguka kwake kupitia mlinzi tu.

Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Lakini waliomwakilisha Brussels walikuwa Sir John Kirk, aliyewahi kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, na Mjerumani Göhring. Bandari iliyopitisha bunduki nyingi kuliko zote katika Afrika Mashariki ilikuwa na kiti mezani, na kiti hicho kilikaliwa na watu wa serikali nyingine.

4. Kilima cha Kampala, 1890–1894

Tarehe 18 Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Mengo kwa niaba ya Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, akiwa na askari wa Kisudani, wapagazi wa Kiswahili na bunduki moja ya Maxim. Alipiga kambi juu ya kilima cha Kampala bila kungoja kuonyeshwa mahali na Kabaka, na baada ya siku nane Mwanga alitia saini mkataba naye. Ngome iliyojengwa pale ikawa ghala. Uwezo wa Lugard haukutokana na idadi ya watu wake, waliokuwa wachache mno mbele ya maelfu ya Waganda wenye silaha. Ulitokana na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na njia iliyoidhinishwa ya kupata risasi zaidi.

Mwaka 1891 aliutumia uwezo huo kuelekea magharibi. Alifanya mapatano na upande wa Mugabe Ntare wa Ankole ili baruti na silaha zisipite kwenda kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki nyuma ya Emin Pasha, akawaweka katika ngome kati ya Toro na Bunyoro. Kabalega, aliyekuwa amejenga jeshi lake la Abarusura kwa bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu, aliona njia zake zikizibwa moja baada ya nyingine.

Mapema mwaka 1892 mivutano ya Wakatoliki na Waprotestanti ilifika ukingoni. Cheche ilikuwa mauaji ya Mprotestanti mmoja katika ugomvi uliohusu bunduki. Kabaka alitoa hukumu, Lugard aliikataa. Kisha akafungua ghala na kuwagawia bunduki Waprotestanti, ambao Katikiro wao alikuwa Apolo Kaggwa. Tarehe 24 Januari mapigano yalizuka Mengo, Maxim ikapigwa, Wakatoliki wakashindwa na wengi wao baadaye wakahamia Buddu. Mwaka 1898 Uingereza ilikubali kulipa pauni 10,000 kwa Misheni ya Kikatoliki kama fidia.

Tuwe waangalifu na tarehe. Siku ya mapigano ya Mengo Mkataba Mkuu ulikuwa umetiwa saini lakini haujaanza kutumika. Ulianza miezi michache baadaye mwaka huohuo. Hatuwezi kusema basi kwamba Lugard alivunja sheria iliyokuwa tayari hai. Tunachoweza kusema ni kwamba utaratibu uliokuwa ukikusudiwa ulionekana Kampala kabla ya wino kukauka: ghala moja, mlinzi mmoja wa ghala, na uamuzi wa nani apewe. Katika mgogoro ambao pande zote zilikuwa na magobori, aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye aliyeamua nani awe mkubwa Buganda. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake rasmi.

5. Mianya, gharama na kodi

Udhibiti huu haukukosa mianya. Njia ya kusini kupitia upande wa Wajerumani iliendelea kuvujisha silaha. Maafisa wa dola mbalimbali walitafsiri masharti kwa namna zilizowafaa. Kisa cha Stokes kinaonyesha hatari yake. Januari 1895, mashariki mwa Kongo, afisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, alimshtaki kwa kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo, akamnyonga bila nafasi ya kukata rufaa. Mtu ambaye miaka sita kabla alikuwa amesaidia kumrudisha Kabaka kitini sasa alikufa kama mhalifu kwa kazi ileile. Kilichobadilika ni mpaka, na mtu aliyejipa haki ya kuulinda.

Wala ghala halikuwa salama kwa mwenyewe. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, na miezi michache baadaye askari wa Kisudani wa himaya wakaasi pia, wakitumia silaha walizokuwa wamekabidhiwa na serikali. Maasi hayo yalizimwa kwa gharama kubwa. Mwanga na Kabalega walikamatwa pamoja Lango tarehe 9 Aprili 1899, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli.

Mapatano ya Uganda ya tarehe 10 Machi 1900 yalikamilisha mabadiliko. Kodi ya bunduki ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, sawasawa na kodi ya nyumba. Kabaka alipewa leseni 50 bila malipo kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Katika muda wa miaka 12, chombo ambacho Mwanga alikuwa amekinunua mwenyewe kwa pembe zake kilikuwa kimegeuka kuwa kitu anachohesabiwa na kuruhusiwa. Heshima ya kiti ilipimwa kwa idadi ya leseni.

Mfumo wenyewe haukufa na karne. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 kuhusu silaha uliendeleza wazo la eneo la Kiafrika lenye marufuku maalumu. Kamati ya mataifa ya Magharibi ya kudhibiti mauzo kwa nchi za Kikomunisti, iliyoanza mwaka 1949 na kuvunjwa 1994, ilihamisha wazo hilo kwenye mashine na kompyuta. Mpango wa Wassenaar ulioifuata mwaka 1996 una wanachama 42; Afrika nzima ina mmoja tu, Afrika Kusini.

6. Ulinganisho na wakati wetu

Januari 2025 Marekani ilichapisha kanuni iliyoigawa dunia katika makundi matatu kuhusu upatikanaji wa vitengo vya akili unde. Nchi 18 washirika ziliachwa huru kwa kiasi kikubwa. Nchi nyingi za dunia ziliwekewa viwango. Kundi la mwisho lilikuwa na nchi zilizokwisha kuwekewa na Marekani vikwazo vya silaha. Tukiitazama ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikuwa katika kundi la kati, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia katika la mwisho. Nchi wanachama 8 za jumuiya moja, zenye lengo la soko la pamoja, zilipasuliwa kwa mstari uliochorwa Washington. Mei 2025, kabla ya masharti makuu kuanza kutumika, serikali mpya ya nchi hiyo ilitangaza kuiondoa kanuni hiyo.

Kufutwa kwake kusitufanye tulale. Sheria mama ya 2018 ipo, na jambo lililopangwa mara moja linaweza kupangwa tena. Mfanano na 1890 uko katika muundo: kizuizi kwa kiwango cha ubora, msamaha kwa waliotambuliwa, na dhamana ya kutompa mtu wa tatu. Hata fumbo la risasi limerudi. Kitengo cha kuchakata data kikishanunuliwa bado kinahitaji programu, masasisho, vipuri na umeme wa uhakika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliofundisha simu kutambua magonjwa ya mihogo, na wanaopima hewa ya Kampala kupitia mradi wa AirQo, wanafanya kazi yenye manufaa ya wazi kwa wakulima na wakazi wa jiji. Kazi ya namna hiyo inategemea vifaa ambavyo masharti yake hayakuandikwa kwa kuwafikiria wao.

Lakini mlinganisho una mipaka, na kuificha kungekuwa kosa la kitaaluma. Kitengo cha kuchakata data si bunduki. Matumizi yake mengi ni ya amani. Uganda ya leo ni dola huru yenye kiti Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Buganda ya 1890 haikuwa nalo. Tena, kama biashara ya watumwa ilivyokuwa sababu ya kweli, hofu ya leo kuhusu upelelezi wa raia na silaha zinazojiendesha nayo ni ya kweli, na wananchi wa Afrika Mashariki wana haki ya kulindwa dhidi ya matumizi hayo, hata yakifanywa na serikali zao wenyewe. Swali linalobaki si kama udhibiti uwepo. Ni nani anashika ghala, na anawajibika kwa nani.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Kampala inaonyesha kwamba udhibiti wa teknolojia hubadili uwiano wa nguvu hata pale unaposhindwa kuzuia teknolojia yenyewe. Kutokana na hoja hiyo makala haya yanapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni uwakilishi. Zanzibar ya 1890 ilitia saini kwa mkono wa wengine. Sekretarieti ya Jumuiya iliyopo Arusha iwe na dawati la wataalamu wanaofuatilia kanuni za mauzo ya nje za Marekani, Umoja wa Ulaya na China, na kuwasilisha maoni kila zinapotolewa kwa umma. Rasimu hizo mara nyingi huwa wazi kwa maoni ya yeyote. Ukimya wetu haulazimishwi na mtu.

La pili ni ghala la pamoja. Umoja wa forodha ulioanza mwaka 2005 unazipa nchi wanachama msingi wa kuwa na utaratibu mmoja wa hati za mtumiaji wa mwisho na wa kuzuia uuzaji wa mtu wa tatu. Bila utaratibu huo, mwanya katika mpaka mmoja utatumiwa kama sababu ya kuwanyima wote, na wanachama watatu walio katika vikwazo watazidi kutengwa na wenzao. Utaratibu huo usimamiwe na chombo kinachowajibika kwa Bunge la Afrika Mashariki, ili ufunguo usigeuke kuwa silaha ya kundi moja dhidi ya jingine, kama ilivyotokea Mengo.

La tatu ni risasi. Fedha za umma zielekezwe zaidi kwenye kile kinachofanya kifaa kiendelee kufanya kazi: mafundi wa matengenezo, programu huria, data za lugha zetu zikiwamo Kiswahili na Luganda, na modeli ndogo zinazoweza kuendeshwa kwa vifaa vya kawaida. Gobori la mhunzi halikuwa bora kuliko bunduki ya kiwandani, lakini mwenye nalo hakuhitaji kuomba ruhusa ya kulipiga. Washauri wa sera wanapopanga bajeti ya teknolojia wapime kila ununuzi kwa kipimo hicho: siku mwuzaji atakapofunga ghala, ni kiasi gani cha kazi yetu kitaendelea?